Ndoo Kabla ya Soketi: Kulima Dhania na Saladi Ndani ya Fleti za Kariokor

Kariokor ni mtaa unaokula majani mabichi kila siku lakini hauna pa kuyapanda. Soko lake la kando ya barabara ya Racecourse linajulikana Nairobi nzima kwa nyama choma, na nyama choma haiandaliwi bila kachumbari, wala kachumbari hainogi bila dhania. Fleti zinazolizunguka soko hilo zinataka dhania hiyo hiyo kwa mchuzi wa jioni, minti kwa chai na kitunguu cha majani kwa mayai. Sehemu kubwa ya majani haya hutoka mashambani nje ya jiji, hupitia masoko kama Wakulima na Muthurwa, ndipo yafike kwenye meza ya mama mboga. Nayo ndiyo yanayoharibika upesi kuliko mboga nyingine: dhania iliyong'olewa alfajiri huwa imelegea kufikia jioni. Kiangazi kikikaza, fungu la shilingi kumi hubaki na bei yake, ila hupungua ukubwa. Kwa hiyo haishangazi kwamba watu wa mitaa ya Eastlands wameanza kuuliza kuhusu haidroponiki, yaani kukuza mimea kwenye maji yenye virutubishi bila udongo. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba inafaa, na inafaa sana, kwa sharti moja: ianze na maji na mwanga ambao nyumba inao tayari, si na pampu na taa zinazouzwa pamoja na ndoto ya utajiri wa haraka.

Elimu yenyewe si ngeni. Katika miaka ya 1860 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha kwamba mmea unaweza kukua kwenye maji matupu iwapo chumvi zinazohitajika zimeyeyushwa humo kwa viwango vinavyofaa. Mizizi haili udongo. Inachonyonya ni maji na madini yaliyoyeyuka: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalisi, magnesi, salfa, chuma na mengine machache kwa kiasi kidogo mno. Kazi ya udongo ni kuyahifadhi madini hayo, kushikilia maji na kuupa mmea mahali pa kusimama. Kazi hizo zikifanywa na kitu kingine, mmea hauna malalamiko. Katika miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliutoa ujuzi huo maabara na kuupeleka kwenye kilimo cha biashara. Hapa Kenya umetumika kwa miaka mingi huko Naivasha, ambako mashamba mengi ya waridi hupanda maua ndani ya mawe mepesi ya volkano au makumbi ya nazi yaliyosagwa, na kuyalisha kwa mirija. Nyanya na pilipili hoho nazo zimefuata njia hiyo katika vitalu vya wakulima waliochoshwa na ugonjwa wa mnyauko unaojificha ardhini. Kwa hiyo hatuulizi kama mbinu hii yafanya kazi Kenya. Tunauliza ni umbo lipi la mbinu hii linalomfaa mtu anayeishi ghorofa ya tatu, mwenye dirisha moja, roshani nyembamba na maji ya mgao.

Ushahidi mzuri wa kulipima swali hilo ulitolewa mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Walilinganisha kilimo cha letasi katika mashamba ya kawaida ya Yuma, jimboni humo, na makadirio ya letasi hiyo hiyo ikikuzwa kwa haidroponiki ndani ya kitalu. Upande wa mavuno, mita moja ya mraba ya haidroponiki ilitoa takriban kilo 41 kwa mwaka, na shamba la kawaida takriban kilo 4. Upande wa maji, kilo moja ya letasi ilihitaji takriban lita 20 badala ya 250. Mtu wa Kariokor akiishia hapo atakimbilia kununua mtambo, kwa maana nafasi na maji ndivyo anavyokosa. Lakini hesabu ya tatu ndiyo iliyobeba uamuzi: nishati. Shamba la kawaida lilitumia takriban kilojuli 1,100 kwa kila kilo, nayo haidroponiki takriban 90,000, ambazo ni sawa na yuniti 25 za stima. Sehemu kubwa ya nishati hiyo ilikwenda kupasha joto na kupoza hewa ya kitalu, iliyofuata ikaliwa na taa, na pampu zikatumia kidogo. Tukizisoma takwimu hizi tukiwa Nairobi tunaona jambo la kutia moyo. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, halina baridi ya theluji wala joto la jangwa, na letasi hupenda hali hiyo hiyo. Gharama kubwa kuliko zote inatuondokea bila sisi kufanya lolote. Inayobaki ni taa, na hiyo tunaweza kuikataa.

Kuikataa ni busara kwa sababu za mfukoni. Taa ya wati 40, ambayo inatosha rafu ndogo tu ya saladi, ikiwashwa saa 14 kwa siku hutumia karibu yuniti 17 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, kundi la wateja wa nyumbani wanaolipa bei ya chini kabisa ya stima ni la wale wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Rafu moja ya majani ingemeza zaidi ya nusu ya kiwango hicho, na kuzisukuma familia nyingi kwenye kundi linalolipia kila yuniti bei ya juu zaidi. Halafu kuna kukatika kwa stima. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na wakazi wa Eastlands hawahitaji kukumbushwa giza dogo dogo la kila mara. Katika mitambo ambayo mizizi huning'inia ndani ya bomba na kulowanishwa na mkondo mwembamba wa maji, pampu ikizimika mchana wa jua mimea hunyauka kabla ya jioni. Wenye mitaji mikubwa wenyewe wameshindwa na hesabu hii. Kampuni za Marekani zilizojenga mashamba makubwa ya ndani, yenye rafu za letasi zinazomulikwa na taa mchana na usiku, zilianguka moja baada ya nyingine: AeroFarms iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2023, Bowery ikafunga mwaka 2024, Plenty nayo ikaomba ulinzi huo mwaka 2025. Kama mamilioni ya dola hayakutosha kuifanya taa ilipe, tokeni ya stima ya Kariokor haitaweza.

Ipo njia isiyohitaji soketi. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliisanifu na kuieleza kwa kina: ndoo iliyofunikwa, maji yenye virutubishi yaliyotulia, na mche ulioshikiliwa na kikombe chenye matundu kilichopachikwa kwenye kifuniko. Siku ya kwanza maji hugusa sehemu ya chini ya kikombe. Mmea unapokunywa, maji hushuka, na pengo la hewa hufunguka kati ya kifuniko na maji. Mizizi ya juu, inayobaki ndani ya hewa hiyo yenye unyevu, hukua na kuvuta oksijeni. Ile ya chini huendelea kunywa. Pampu inayopuliza hewa katika mitambo mingine haina kazi hapa, kwa kuwa mmea umejitengenezea hewa yake kwa kunywa. Kosa la kawaida ni kuijaza ndoo tena mpaka juu kwa nia njema. Mizizi iliyozoea hewa huzama na kuoza. Kichwa kimoja cha letasi huhitaji takriban lita nne toka kupandikizwa hadi kuvunwa. Maana yake, mtungi mmoja wa lita 20, ule ule tunaoupanga jikoni siku za mgao, unatosha vichwa vinne au vitano. Hakuna umwagiliaji wa kila siku, na familia ikisafiri wiki moja itarudi ikute mimea hai.

Mwanga ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi, kwa maana hapa ndipo wengi hushindwa. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima, bahati ambayo mkulima wa dirishani wa London hana. Hata hivyo mwanga hupungua kwa kasi mno unapoingia ndani. Jicho la binadamu hujirekebisha likaona chumba king'avu, huku mmea ulio hatua mbili kutoka dirishani ukifa njaa. Ndoo ikae kwenye kizingiti cha dirisha, kwenye roshani, au kwenye korido iliyo wazi upande mmoja. Dirisha linalotazama mashariki hupata jua la asubuhi, lisilochemsha maji. La magharibi hupata jua kali la alasiri, kwa hiyo ndoo ipakwe rangi nyeupe nje. Yale yanayotazama kaskazini na kusini hupokezana: la kaskazini hupata jua karibu na Juni, la kusini karibu na Desemba. Saa tano au sita za jua la moja kwa moja zinatosha letasi, na minti huvumilia pungufu kidogo. Mche ukirefuka shingo, ukawa mwembamba na kuinama upande mmoja, unaomba mwanga, na hakuna mbolea itakayouponya. Julai, mawingu yakitanda jiji zima, ukuaji utakawia, na mtu apange matarajio yake hivyo. Nyumba ambayo jua haliifikii kabisa kwa sababu ya jengo la jirani haifai kwa kazi hii, na ni heri mwenye nyumba hiyo aambiwe kweli kabla hajatumia fedha.

Kuhusu mimea yenyewe, letasi za majani yaliyoachana ni rahisi kuliko zile zinazofunga kichwa, maana huvunwa jani kwa jani kuanzia wiki ya tano hivi. Mbegu ya dhania ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Likibanwa taratibu likagawanyika na kulowekwa usiku mmoja, huota vizuri zaidi. Dhania haitaki kuhamishwa, kwa hiyo isiwe na kitalu; ioteshwe ndani ya kikombe itakamokaa, na kabla ya kutoa maua ikatwe, maana ikishachanua majani huwa membamba na ladha hubadilika. Minti, rehani na kitunguu cha majani huanza kwa kipande tu: tawi la minti au rehani likiwekwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi kwa siku chache, na kitako cha kitunguu kilichobaki jikoni huchipua chenyewe. Virutubishi vinunuliwe vile vilivyotengenezwa kwa haidroponiki, ambavyo kwa kawaida huja katika pakiti mbili. Sababu ya kutenganishwa ni ya kikemia: kalisi ikikutana na salfa au fosforasi katika mchanganyiko mzito huganda na kuzama kama unga mweupe usionyonyeka. Pakiti ya kwanza iyeyushwe kwenye ndoo yote ya maji, kisha ndipo ya pili ifuate. Mbolea ya kawaida ya shambani, kama DAP au yurea, haifai kwenye ndoo. Maji ya bomba ya Nairobi, yanayotoka kwa wingi kwenye bwawa la Ndakaini huko Murang'a, ni laini na yanafaa yakiachwa wazi usiku mmoja ili klorini ipungue. Maji ya visima vya jijini huwa na chumvi na floridi nyingi, na huufanya mchanganyiko upoteze uchachu mdogo ambao mizizi inauhitaji, kati ya pH 5.5 na 6.5. Anayetegemea kisima achanganye na maji ya mvua.

Pingamizi la kwanza, nalo lina uzito, ni kwamba majani ya saladi hayashibishi mtu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kila siku, na ndoo mbili dirishani hazitafikia hapo kwa familia. Sitetei kwamba zitafikia. Sukuma wiki, managu na kunde hukua vyema kwenye udongo, na kwa mwenye kipande cha uwanja, gunia ni bora kuliko ndoo. Kuanzia mwaka 2008 shirika la Solidarités International lilisaidia maelfu ya familia za Kibera na Mathare kupanda mboga ubavuni mwa magunia ya udongo, na gunia hilo bado ni shule nzuri. Ila gunia lataka uwanja, udongo safi na maji ya kila siku, vitu ambavyo ghorofani havipo. Ndoo inachukua kazi nyingine: majani machache yanayohitajika kila siku kwa kiasi kidogo, yanayooza yakinunuliwa mengi na yanayopanda bei kiangazi. Hapo faida yake kwa kila sentimita ya dirisha ni kubwa. Kuidai ilishe familia nzima ni kuipa mzigo usio wake, kisha kuilaumu kwa kuuangusha.

Pingamizi la pili ni hofu ya kemikali. Wengi husema mboga iliyolelewa kwa chumvi za pakiti haiwezi kuwa salama kama ya samadi. Mzizi hauwezi kutofautisha: samadi nayo lazima ioze mpaka naitrojeni yake igeuke chumvi zile zile, hasa naitreti, ndipo mmea uinyonye kwa wingi. Hofu hiyo ingeelekezwa vizuri zaidi kwenye majani yanayomwagiliwa maji ya Mto Nairobi, unaopita hapo hapo Kariokor ukibeba maji taka na mafuta ya gereji. Madini mazito kama risasi na kadimi, yakishaingia ndani ya jani, hayatoki kwa kuoshwa. Mboga ya ndooni haigusi maji hayo, na ikifunikwa kwa chandarua haihitaji dawa ya wadudu. Lipo hata hivyo jambo la kweli la kuangaliwa. Letasi inayokua kwenye mwanga hafifu huku ikilishwa naitrojeni nyingi hulimbikiza naitreti kwenye majani, na Umoja wa Ulaya umeweka viwango vya juu vinavyoruhusiwa. Tiba yake ni mwanga wa kutosha, kipimo sahihi cha virutubishi na kuvuna alasiri baada ya jua, wakati naitreti imepungua.

Pingamizi la tatu ni la usalama wa nyumba, na hili halistahili kupuuzwa hata kidogo. Maji yaliyotulia huzaa mbu. Mwaka 2023 wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walitangaza kwamba Anopheles stephensi, mbu wa malaria anayependa miji na kutaga kwenye vyombo vya maji, amepatikana Marsabit. Jiji lenye maelfu ya mitungi haliwezi kucheza na habari hiyo. Kifuniko cha ndoo kibane kabisa, tundu la kikombe lijae, na mwanya wowote uzibwe kwa kitambaa cha wavu. Kifuniko hicho hicho huzuia mwanga unaootesha mwani wa kijani majini. Ndoo isiyo na kifuniko kizuri isikae nyumbani, basi. Uzito nao uhesabiwe: lita moja ni kilo moja, na ndoo 20 za lita 20 zilizojaa ni kilo 400. Jengo lililoanguka Huruma Aprili 2016 likaua takriban watu 50 limetufundisha kutoongeza mzigo juu ya majengo tusiyojua misingi yake. Ndoo mbili au tatu dirishani hazidhuru, lakini shamba juu ya paa lisianzishwe bila idhini ya mwenye jengo na ushauri wa mhandisi.

Pingamizi la mwisho ni kwamba haya ni mambo ya wenye nazo. Historia inasema vingine. Katika miaka ya 1980 familia za kipato kidogo za mtaa wa Jerusalén, Bogotá, nchini Kolombia, wengi wakiwa wanawake, walipanda mboga kwenye masanduku yasiyo na pampu na kuuza ziada. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, baadaye ilisambaza mwongozo wa mbinu hiyo Amerika ya Kusini. Mpango wa Chakula Duniani umefanya kazi ya aina hiyo katika mitaa ya kipato kidogo ya Lima, Peru, na huku kwetu Kakuma umetumia haidroponiki kukuza malisho ya mifugo. Kinachomzuia mtu wa Kariokor si bei ya ndoo, maana ndoo anayo. Tatizo ni kwamba virutubishi huuzwa kwa vipimo vikubwa, na mtu wa kumwelekeza hayupo karibu. Hapo serikali ya kaunti ina wajibu. Nairobi ina sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, na Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Sheria hiyo ikisomwa kwa nia, afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukaa na chama cha wapangaji au chama cha akina mama, wanunue gunia moja la virutubishi, waligawe kwa pakiti ndogo zenye maelezo ya Kiswahili, na waonyeshane namna ya kupima. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mtambo.

Basi mwenye dirisha linalopata jua na aanze na ndoo moja, kifuniko kinachobana, letasi mbili na vikombe viwili vya dhania. Asinunue taa, asinunue pampu, na amkatae muuzaji yeyote anayemwahidi mshahara kutoka kwenye rafu ya plastiki. Akivuna mara mbili mfululizo bila hasara, aongeze ndoo ya pili. Na viongozi wa wadi ya Ziwani na Kariokor wakitaka kulisaidia jambo hili, walete virutubishi kwa vipimo vidogo na afisa anayejua kuvieleza. Mengine wakazi watayafanya wenyewe.